Daktari wa Waliolazwa: Niliyojifunza Wodini

"Wewe ni bingwa wa nini, daktari?" Ndugu wa mgonjwa huniuliza hivyo mara tu ninapojitambulisha, na nawaelewa. Wameshaonana na bingwa wa moyo, wameambiwa wa figo yuko njiani, sasa amesimama mbele yao mtu asiye na kiungo cha mwili anachokiita chake. Huwa nawajibu kwamba kazi yangu ni mgonjwa aliyelazwa. Nampokea anapotoka kitengo cha dharura, namwona kila siku akiwa wodini, nawaita mabingwa anapowahitaji, na mimi ndiye ninayetia saini karatasi ya kumruhusu. Sina kliniki ya nje. Nikiwa zamu niko wodini, na nikiitwa nafika kwa miguu.

Kazi hii ina historia fupi. Huko Marekani, kwa miaka mingi daktari aliyekutibu kliniki ndiye aliyekufuata hospitali ukilazwa. Alipita asubuhi na mapema kabla ya kliniki yake, akaandika maagizo, akaondoka. Kutwa nzima mgonjwa alibaki na wauguzi na, katika hospitali za kufundishia, madaktari walio mafunzoni. Mwaka 1996 Robert Wachter na Lee Goldman waliandika katika jarida la New England Journal of Medicine kwamba inakuja aina mpya ya daktari, wa kushinda hospitalini na kuwahudumia waliolazwa, wakamwita hospitalisti. Wawili hao walipoandika tena mwaka 2016, madaktari wa aina hiyo nchini humo walikuwa wamepita 50,000. Wagonjwa wa wodini walikuwa wamezidi kuwa na hali nzito, hospitali zilitaka wakae siku chache, na daktari mwenye foleni ya watu kliniki hakuweza tena kuwa pande zote mbili. Kwingineko duniani kazi hiyohiyo hufanywa na madaktari wa magonjwa ya ndani na madaktari wa zamu, bila jina hilo, na ninayosimulia hapa yanawahusu wao pia.

Nilichokuja kukiamini baada ya miaka wodini ni hiki: mgonjwa aliyelazwa anahitaji mtu mmoja anayeyajua yake yote siku hiyo, na anayerudi kitandani pake zaidi ya mara moja. Utaalamu wa magonjwa unapatikana, unaitwa kwa simu. Huyu mtu mmoja ndiye anayekosekana.

Chukua raundi ya asubuhi. Watu wengi hudhani ndiyo kazi yenyewe, na kweli ni nzuri: tunapita kitanda kwa kitanda, tunasoma faili, tunapanga. Lakini asubuhi tunaamua kwa taarifa za usiku. Majibu ya maabara ya siku hiyo hurudi baadaye. Dawa iliyoandikwa saa tatu huonyesha kama inafaa au haifai saa nane. Ndiyo maana nimejizoeza kupita mara ya pili alasiri, hata kwa dakika mbili mbili, kwa wale walionitia wasiwasi asubuhi na wale walioanzishiwa dawa mpya.

Kuna mama mmoja alilazwa kwa nimonia. Asubuhi homa ilikuwa imeshuka, alikunywa chai, akaniambia anajisikia nafuu. Mchana muuguzi wake aliniita pembeni akasema, "Daktari, hali ya huyu mama hainipendezi." Nilimuuliza amebadilika nini, naye hakuwa na namba ya kunipa. Presha ilikuwa sawa, oksijeni kwenye kidole ilisoma vizuri. Tulikwenda wote wawili, nikavuta kiti, nikaangalia kifua chake kikipanda na kushuka kwa dakika nzima. Alikuwa anapumua mara 32 kwa dakika. Namba ya oksijeni ilikuwa nzuri kwa sababu kiasi cha oksijeni kwenye barakoa kilikuwa kimeongezwa mara mbili tangu asubuhi, kidogo kidogo, na kila aliyeongeza aliona ni kidogo tu. Picha ya kifua ilionyesha usaha umejaa kando ya pafu. Akahamishiwa chumba cha wagonjwa mahututi jioni hiyohiyo, akawekewa mpira wa kuutoa, akapona.

Napenda kumtaja muuguzi yule ninapowafundisha madaktari wapya. Muuguzi anakaa na mgonjwa saa nyingi kuliko daktari yeyote, na anaposema hali haimpendezi, hiyo ni taarifa ya kitabibu hata kama haina tarakimu. Namba ya kupumua nayo hupuuzwa kuliko kipimo chochote, kwa sababu mashine za kawaida za wodini haziisomi. Mtu inabidi asimame na kuhesabu. Ukikuta kwenye chati wodi nzima inapumua mara 20, ujue hakuna aliyehesabu.

Sasa nije kwenye mabingwa, maana hapa ndipo kazi yangu ina uzito wake hasa. Tulikuwa na mzee mmoja mwenye moyo uliochoka, figo zilizopungua nguvu, na mguu uliovimba kwa maambukizi ya ngozi. Bingwa wa moyo aliandika dawa ya kukojosha iongezwe, kwa sababu mapafu yalikuwa na maji. Bingwa wa figo aliandika dawa hiyo ipunguzwe, kwa sababu kreatinini, kipimo cha damu kinachopanda figo zinapolemewa, ilikuwa inapanda. Bingwa wa maambukizi aliandika vancomycin, dawa nzuri kwa wadudu aliowashuku, lakini isiyozipenda figo zenye shida. Kila mmoja wao alikuwa sahihi kwa upande wake. Maagizo yote matatu yalikuwa kwenye faili moja, yenye tarehe moja, na muuguzi alikuwa ananiuliza afuate lipi.

Nilianza kwa mzee mwenyewe. Nilimwomba mkewe anionyeshe dawa zote alizokuja nazo, zikiwamo zile ambazo hawazihesabu kuwa dawa. Akafungua mkoba, na chini kabisa kulikuwa na ibuprofen. Mzee alikuwa anazimeza kwa ajili ya magoti, tangu wiki kadhaa kabla ya kulazwa, na wodini aliendelea kwa siri ili asitusumbue. Ibuprofen huufanya mwili ushike chumvi na maji, hupunguza damu inayofika kwenye figo, na huifanya dawa ya kukojosha isifanye kazi yake sawasawa. Sehemu kubwa ya ugomvi kati ya moyo na figo ilikuwa ndani ya mkoba ule.

Kisha niliwapigia mabingwa wote watatu, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja nilimuuliza swali moja: kati ya haya, lipi linamtishia zaidi leo? Wote walikubali ni maji ya mapafuni. Basi tukakubaliana dawa ya kukojosha iendelee kwa nguvu, kreatinini ikipanda kiasi tuvumilie huku tukiipima kila siku, antibiotiki ibadilishwe kwa isiyoumiza figo, na maumivu ya magoti yatulizwe kwa parasetamoli. Baada ya siku chache mzee alilala chali bila kukosa pumzi. Na kreatinini ikashuka yenyewe, kama inavyotokea mara nyingi moyo unapopumzishwa.

Hakuna lolote hapo lililohitaji elimu nisiyoweza kuipata kwa simu. Lilihitaji mtu wa kuona kwamba maagizo yanapingana, na mwenye mamlaka ya kusema tufuate hili. Mgonjwa asiyekuwa na mtu huyo hutibiwa vipande vipande, na kila kipande kikawa kimetibiwa vizuri.

Jambo la pili nililojifunza, na ambalo shuleni halikupewa nafasi yake, ni kwamba kulazwa kwenyewe kunaumiza. Kwa wazee hasa. Utafiti mmoja wa mwaka 2007 uliwalaza kitandani wazee wenye afya njema kwa siku 10 tu, na kila mmoja kwa wastani akapoteza karibu kilo moja ya misuli ya miguu. Hao hawakuwa wagonjwa. Mzee aliyeingia kwa miguu yake, akalala wiki mbili na nimonia, anaweza kupona nimonia na asiweze kwenda chooni mwenyewe. Ndiyo maana siku ya kwanza au ya pili nauliza: leo ameketi kwenye kiti? Ametembea hadi mlangoni? Nani atamshika mkono?

Mpira wa mkojo nao. Huwekwa dharura, kwa sababu nzuri, kisha husahaulika pale. Kila siku unapokaa, uwezekano wa bakteria kuota kwenye mkojo huongezeka kwa asilimia 3 hadi 7. Humfunga mgonjwa kitandani, humzuia kutembea, humtia uchungu anapojigeuza. Kila asubuhi nauliza kwa sauti kwenye raundi: huyu bado anauhitaji? Swali hilo linaonekana dogo sana mbele ya magonjwa makubwa tunayoyajadili, lakini limewaepusha wagonjwa wangu na maambukizi mengi kuliko dawa yoyote niliyowahi kuiandika. Vivyo hivyo sindano ya dripu iliyobaki mkononi bila dripu, na dawa ya kuzuia damu isigande miguuni, ambayo lazima mtu akumbuke kuianza na kukumbuka kuiacha.

Na kuna kuchanganyikiwa kwa ghafla, jambo linalozitia familia hofu kuliko yote. Bibi aliyekuwa anapiga soga mchana, usiku haitambui wodi, anavuta mipira, anaita watu waliokwisha kufariki. Wanawe wakifika asubuhi hudhani akili zimemtoka moja kwa moja. Mara nyingi sivyo. Mwingine hapigi kelele wala havuti kitu. Ananyamaza tu, analala kutwa, na kila mtu anasema bibi ametulia. Huyo wa kimya ndiye ninayemwogopea zaidi, kwa sababu hakuna anayeniita. Nikiitwa kwa mmoja wao natafuta sababu za kawaida kwanza: kibofu kimejaa, choo kimegoma siku nne, maambukizi mapya, maumivu ambayo hayakutulizwa, sukari, dawa mpya ya usingizi. Halafu nauliza miwani iko wapi. Nauliza kama anasikia. Watu wengi hushangaa nikiliweka swali la miwani pamoja na vipimo vya damu, lakini mwaka 1999 Sharon Inouye na wenzake wa Chuo Kikuu cha Yale walichapisha matokeo ya kuwasaidia wazee waliolazwa kwa mambo ya aina hiyo: kuwakumbusha walipo na siku gani, kuwaacha walale usiku bila kusumbuliwa, kuwatembeza, kuwapa miwani na vifaa vya kusikia, kuwanywesha maji. Waliochanganyikiwa walikuwa asilimia 9.9, dhidi ya asilimia 15 kwa wale waliopata huduma ya kawaida. Nikiwaambia wanafamilia kwamba sauti yao aliyoizoea mgonjwa ni sehemu ya matibabu, sisemi kwa kuwafariji.

Makabidhiano ya zamu nayatenga peke yake, kwa sababu ndiyo gharama ya mfumo huu. Daktari mmoja hawezi kukaa hospitalini saa 24 siku zote. Kila jioni wagonjwa wangu wanakuwa wa mwenzangu, na mwisho wa mzunguko wangu wa kazi wanahamia kwa mwingine kabisa. Kila makabidhiano ni mahali ambapo habari za mgonjwa zinaweza kudondoka. Kwa muda mrefu tulikabidhiana kwa kusimama koridoni: "Kitanda cha tatu yuko vizuri, cha tano muangalie, cha saba hana neno." Muangalie nini? Ukiona nini ufanye nini?

Mwaka 2014 ulitoka utafiti uliofanyika katika hospitali tisa za Marekani na Kanada, kwenye wodi za watoto, ambako madaktari walifundishwa kukabidhiana kwa mpangilio maalumu: mgonjwa huyu hali yake ni nzito kiasi gani, historia yake kwa ufupi, kazi zilizobaki, nini kinaweza kuharibika na ukikiona ufanye nini, kisha anayepokea anarudia kwa maneno yake alichokisikia. Makosa ya kitabibu yalipungua kwa asilimia 23, na madhara yanayoweza kuzuilika kwa asilimia 30. Hakukuwa na dawa mpya wala mashine mpya.

Katika hatua hizo, mbili za mwisho ndizo ninazozishikilia kwa dhati. Hatua ya "akifanya hivi, fanya vile" humfikirisha anayeondoka kabla hajaondoka. Siandiki tena "muangalie presha." Naandika kwamba presha ikishuka chini ya 90 usimpe maji mengi upesi, moyo wake hauwezi, mpigie bingwa wa moyo aliye zamu. Na kurudia kwa maneno yake hunionyesha palepale alichokielewa tofauti. Mwanzoni wenzangu walihisi wanahojiwa kama wanafunzi. Siku hizi mtu akiondoka bila kurudiwa anageuka mwenyewe na kuuliza, "Umenipata?"

Kuna lawama moja dhidi ya madaktari wa aina yangu ambayo naikubali: mgonjwa anakuwa dhaifu kuliko wakati wowote maishani, na anayemhudumia ni mtu ambaye hajawahi kumwona. Daktari wake wa kliniki anamjua miaka mingi, anajua alivyo akiwa mzima, anajua mumewe alifariki mwaka jana na tangu hapo hali chakula vizuri. Mimi simjui hata kwa sura. Hospitali inayojisifia madaktari wake wa wodini na kuinyamazia hasara hii haiwatendei haki wagonjwa. Hasara hiyo haifutiki, inapunguzwa tu, na njia ninayoiamini ni simu. Nampigia daktari wa kliniki siku mgonjwa anapolazwa, kabla sijabadilisha dawa. Mazungumzo huwa mafupi. Mmoja aliniambia, "Uzito wake wa kawaida ni kilo 71, akifika 74 ndipo anapovimba," na sentensi hiyo ikanipa lengo la kutoa maji ambalo vipimo vyangu vyote havikunipa. Mwingine aliniambia mgonjwa wake alishasema wazi, akiwa mzima, kwamba hataki kuwekwa kwenye mashine ya kupumua.

Hilo la mashine linataka kiti. Sijawahi kuona mazungumzo ya aina hiyo yakienda vizuri daktari akiwa amesimama miguuni pa kitanda. Naketi, namuuliza mgonjwa kama anataka nani awepo, kisha naanza kwa kumuuliza yeye anauelewaje ugonjwa wake. Mara nyingi anajua zaidi kuliko familia inavyodhani, na amekuwa akinyamaza kuwalinda. Nauliza anaogopa nini zaidi. Wengi hawataji kifo. Wanataja maumivu, wanataja kuwa mzigo, wanataja kufa peke yao kwenye chumba chenye mashine. Majibu hayo hubadilisha ninachokiagiza kesho yake, na ndiyo maana siyaachi hadi usiku ambao hali itakuwa mbaya na daktari wa zamu asiyemjua atalazimika kuamua kwa dakika tano.

Nimalizie na siku ya kuruhusiwa, ambayo familia huiona ni furaha na mimi huiona ni siku ya hatari. Dawa zimebadilika: moja imeongezwa, nyingine imesimamishwa, ya tatu imebadilishwa dozi, na ndani ya mkoba bado zipo za zamani. Nakaa na mgonjwa na yule atakayempa dawa, tunazitoa zote, tunatenga za kuacha. Siulizi "Mmeelewa?" kwa sababu kila mtu hujibu ndiyo. Naomba anieleze mwenyewe: hii ni ya nini, utaimeza lini, ukiona dalili gani utarudi bila kungoja tarehe ya kliniki. Mwenye moyo uliochoka lazima ajue kupima uzito kila asubuhi, na ajue kwamba kuongezeka kilo mbili ndani ya siku chache ni sababu ya kupiga simu hata kama anajisikia vizuri.

Halafu kuna majibu ambayo hayajatoka. Mwaka 2005 watafiti waliofuatilia wagonjwa 2,644 walioruhusiwa katika hospitali mbili za kufundishia Marekani waliona kwamba asilimia 41 kati yao waliondoka huku baadhi ya vipimo vyao bado havijajibiwa, na madaktari wengi hawakuwa na habari. Fikiria makohozi yaliyopelekwa kuoteshwa kutafuta kifua kikuu: maabara inaweza kuchukua wiki sita au zaidi. Mgonjwa ameshaondoka, mimi nipo kwenye mzunguko mwingine wa wagonjwa, na jibu linarudi kwenye wodi isiyomkumbuka. Kwa hiyo kwenye karatasi zangu za ruhusa kuna sehemu ya vipimo vinavyosubiriwa: kipimo gani, kinatarajiwa lini, na jina la daktari aliyekubali kukifuatilia, aliyeulizwa akakubali mwenyewe. Chini yake naandika namba mbili za simu, ya mgonjwa na ya mtu wa karibu naye, na zote mbili nazipiga mgonjwa akiwa bado kitandani, niisikie simu ikiita.